Miguu ya Mbele Inywe Kwanza

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, mmoja kisimani, mwingine dukani, mwingine hata mlangoni pa kanisa padri akiwa bado anaimba: imekuwaje aliyeondoka kwenda kutafuta kazi Iringa ni mimi Gaspari, na anayefunga mizigo kuhamia huko ni Anyelwisye Mwakafuta? Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikifika kwa jirani kimeshaota mkia. Nimekaa chini niandike safari nzima, kituo kwa kituo. Mkimaliza mnicheke, lakini mnicheke kwa mambo niliyoyafanya kweli.

Kwamba mimi ni mtu wa kushuku, mnajua. Mama anasema nikiwa mdogo nilikuwa nikipewa muwa naukagua pande zote kabla ya kuuma. Sikanushi hilo. Dunia nimeiona ina watu wengi wanaotabasamu, na kila anayetabasamu huwa najiuliza anafaidi nini.

Mbalizi, kabla ya kuondoka

Mimi na Anyelwisye tulikuwa na banda letu la bati kando ya barabara, miaka miwili tukitengeneza baiskeli, na pikipiki chache za wenye nazo. Ile pikipiki kuukuu ilikuwa yetu sote wawili. Habari ilipofika kwamba karakana moja ya Mlandege, Iringa, inataka fundi mmoja, na kwamba mwombaji afike Jumamosi akiendesha chombo alichokitunza mwenyewe, sote tuliitamani kazi hiyo. Nilikuwa tayari kugombana. Anyelwisye akaniambia, "Nenda wewe. Mama yako macho yanafifia, yuko peke yake huko. Mimi Iringa nina nani?"

Nikamshukuru. Moyoni nikajiuliza ni mtu gani anayeacha nafasi kama ile hivi hivi tu.

Kilichonisumbua kuliko kazi ni mama. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho moja na la pili lilikuwa njiani. Nilitaka kuhamia kwake kabla hajafika mahali pa kunijua kwa sauti tu. Hilo ndilo lililonipeleka barabarani, na mnaponicheka mlikumbuke.

Jumanne mchana Anyelwisye alivua miguu ya mbele ya pikipiki, maana ilikuwa inavuja na kuyumba. Anayejua kazi hiyo anajua ni ya subira. Mguu mmoja ni bomba ndani ya bomba, ndani kuna springi, na ndani ya yote kuna mafuta yanayozuia chuma kisigonge chuma. Alimwaga yale ya zamani, meusi, mazito kama uji wa ulezi uliolala. Akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akafuta kwa fulana yake kuukuu, akaosha tena, akafuta tena, akatia mipira mipya ya kuzuia uvujaji. Mimi nilikwenda sokoni kununua mihogo ya safari. Niliporudi nikakuta miguu imesharudishwa mahali pake inang'aa.

"Imekwisha," akasema. "Bado kitu kimoja tu. Kesho asubuhi."

Asubuhi nikaja na mzigo wangu, Anyelwisye hayupo. Mjomba wake alikuwa amefariki Tukuyu, wakaja kumwita alfajiri. Aliyekuwepo ni mkewe, Mama Atupele, amesimama karibu na pikipiki, mkononi ana chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya hospitali, imezibwa kwa gunzi la muhindi, na gunzi limefungwa kitambaa cheusi. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Shemeji, Baba Atupele amesema usiondoke kwanza," akasema, macho yake chini. "Hii ni ya miguu ya mbele. Nusu huku, nusu huku. Inywe kwanza, ndiyo iondoke."

"Inywe nini?"

"Hii."

"Na hii ni nini?"

Akachora chora chini kwa kidole cha mguu. "Ni ile ya kulainisha."

"Haina jina?"

"Jina lipo, shemeji. Ila mimi silitaji."

"Kwa nini hulitaji?"

"Siyo vizuri."

Sasa niambieni ninyi. Mwanamke anakupa chupa yenye kitambaa cheusi, anakwambia chombo chako kinywe, na jina la kinywaji halitajiki. Nilinusa gunzi, nikasikia harufu ya mbarika, ile wanayopakwa watoto wachanga na ambayo waganga nao hawaachi kuwa nayo. Mtaniuliza ni fundi gani asiyejua mafuta akiyaona. Ni fundi aliyekwisha kuamua kwamba ni dawa. Nikaipokea kwa vidole viwili, nikaitumbukiza ndani ya mkoba, nikamwambia nitainywesha mbele ya safari. Akaanza kusema, "Lakini spana ile kubwa iko hapa..." Mimi nikawa nimeshapiga teke la kuwasha.

Mbalizi hadi Igurusi

Mjini Mbeya nilipita bila kusimama. Mlima wa Inyala niliushuka polepole na ndipo nikaanza kusikia kitu: tak, tak, mbele, kila nilipopita shimo. Nikajiambia ni mzigo. Nikausogeza mzigo, tak. Nikajiambia ni taa. Nikakaza taa, tak.

Kadiri jua lilivyopanda ndivyo mambo yalivyojipanga kichwani mwangu. Kwanza, aliacha nafasi bila kuombwa. Pili, alifunga miguu nikiwa sokoni. Tatu, siku ya safari hayupo, eti msiba. Nne, chupa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaona nguo niliyovaa ni Anyelwisye mzima mzima. Sasa mlio ule sikuuona tena kuwa mlio. Nilikuwa nasikia kazi ya mtu.

Igurusi nilisimama ninywe chai. Mzee mmoja wa Kisafwa alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la viazi, akasimama kuitazama pikipiki. Akainama, akagusa mguu wa mbele kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii yako inalia," akasema. "Ina kiu huku mbele."

Chai ilinipalia. Maneno yale yale ya kunywa, kutoka kwa mtu ambaye sijawahi kumwona. "Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Nitumwe na nani? Nakwenda kuuza viazi."

"Basi uza viazi."

Akaniangalia, akaenda zake. Palikuwa na bwana mwingine pale, amechana nywele vizuri, Biblia kwapani, aliyeniamkia kwa jina la Bwana na kunipa pole ya safari. Huyo nilimwona mwungwana. Nikamwomba aniangalizie vitu nikanawe uso. Niliporudi pikipiki ipo, mkoba upo, chupa ipo. Kofia yangu ya sufu haipo, na yeye na Biblia yake hawapo. Hivyo ndivyo nilivyojua kuchagua watu siku ile.

Chimala

Bonde la Usangu lilinichoma. Vumbi liliingia hadi kwenye meno. Nilifika Chimala saa nane mchana, mikono imekufa ganzi, maana sasa kila shimo lilikuwa linapanda moja kwa moja hadi mabegani.

Katika hoteli ya pale mama mmoja wa Kisangu alinipakulia wali na kambale wa kukaushwa, mchuzi mwekundu. Sijala wali kama ule mahali pengine. Lakini hata huo niliula kwa mashaka, maana mwenye hoteli aliniuliza maswali matatu mfululizo: natoka wapi, nakwenda wapi, niko peke yangu? Nikamjibu kwamba wenzangu wanne wako nyuma yangu wanakuja. Akafurahi, akapakua sahani nne zaidi. Ikabidi niseme wamebadili njia. Mama yule akaurudisha wali chunguni sahani moja baada ya nyingine, taratibu, ili nione.

Nilipotoka nje niliitoa ile chupa. Nilikwenda nayo nyuma ya kichuguu, nikang'oa gunzi, nikaimimina yote ardhini huku nimegeuza uso pembeni. Mchanga ukaimeza. Chupa nikairusha porini kwa nguvu zangu zote. Nikanawa mikono, nikapiga ishara ya msalaba, nikajisikia mwepesi.

Ningeishia hapo, leo nisingeandika haya. Mbele ya hoteli kulikuwa na lori la mchele linaelekea Mbeya. Nikamfuata dereva, mtu mnene mwenye sauti ya kengele. Nikamuuliza kama anapita Mbalizi. Akasema anapita.

"Ukifika sokoni uliza kwa Anyelwisye fundi," nikamwambia. "Mwambie Gaspari anasema hivi: ile dawa yao nimeimwaga."

"Dawa gani?"

"Mwambie hivyo tu. Wenyewe watajua."

Dereva akacheka, akapanda lori. Nilisimama nikalitazama mpaka vumbi lake likatulia.

Igawa hadi Makambako

Nilidhani nikiimwaga dawa mlio utakwisha. Uliongezeka. Kutoka Igawa, nilikolala Jumatano, barabara inapanda, na baridi ya juu ilinipokea nikiwa sina kofia. Miguu ya mbele sasa haikuwa inasema tak, ilikuwa inapiga nyundo. Nikifunga breki, mbele inazama na kugota. Mara mbili niliangushwa kando, mara moja kwenye majivu ya mtu aliyekuwa amechoma shamba. Nilikuwa na spana ndogo tu. Nati za juu za miguu zinataka ile kubwa, na ile kubwa ilikuwa imening'inia ukutani Mbalizi mahali pake. Hilo nalo nikaliandika upande wa makosa ya Anyelwisye.

Makambako nilifika Alhamisi jioni, nusu ya njia nikisukuma. Seremala mmoja Mbena alinikuta barabarani akanikaribisha kwake bila kuniuliza hata jina. Mtu wa namna hiyo ndiye ananitisha zaidi. Mkewe alituandalia ugali na mboga ya majani ya maboga yenye karanga, nikala nikashiba huku nahesabu milango. Kulala, nililala karibu na dirisha, kamba imefungwa toka gurudumu la mbele hadi kidole changu cha mguu.

Kulipokucha kidole kikavutwa. Nikaruka, kamba ikanikwaza, nikatoka nje kwa mikono na magoti. Mwenyeji wangu amechuchumaa mbele ya pikipiki na kitambaa mkononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafuta vumbi," akasema. "Kwetu mgeni akilala, chombo chake kiamke safi." Kisha akaiona kamba na kidole changu. Aliangalia pembeni ili asinicheke usoni, nami nikamshukuru kwa hilo tu. Akaongeza, "Ila hii miguu, bwana. Nimeibonyeza, naona humo ndani chuma inaongea na chuma. Hakuna kitu katikati."

Watu watatu sasa walikuwa wameniambia. Mama Atupele alisema inywe, mzee wa viazi akasema ina kiu, na seremala akasema hakuna kitu katikati. Mtu mwenye akili angejumlisha. Mimi nilimjibu kwamba kitu kilikuwepo na nimekimwaga mwenyewe Chimala, namshukuru Mungu. Akaniangalia kwa huruma, akanipa viazi viwili vya kuchoma vya njiani.

Mafinga

Ijumaa mchana nilikuwa Mafinga. Nilisimama penye kiwanda kidogo cha mbao kwa sababu mikono haikuweza tena kushika usukani. Msumeno ulikuwa unalia, harufu ya utomvu imejaa, na kando yake mwanamke mmoja alikuwa anauza makande.

"Karibu, kaka," akasema. "Kaa pale juu ya zile zilizopasuliwa."

"Zipi?"

"Zile pale."

"Hizi mbao?"

Akaangalia chini. Nikayajua macho yale. Yalikuwa ya Mama Atupele kabisa. Nikasimama kama nimekalia siafu.

"Mbona huzitaji? Kuna nini kwenye hizi mbao?"

Mumewe, mpasuaji, alisikia akaacha kazi. Nilipomweleza kwamba mkewe anakataa kutaja kitu anachotaka nikikalie, alicheka hadi akashika kiuno.

"Wewe si Mnyakyusa," akasema.

"Mimi Mhehe. Nakaa Mbalizi."

"Basi nikwambie. Baba yangu anaitwa Mwakambao. Sasa huyu ni mkwe wake. Jina la baba mkwe halitamki, wala neno linalofanana nalo, la Kiswahili au la Kinyakyusa, ni moja tu. Tangu nimemwoa hajasema neno hilo hata siku moja, na tunakula kwa mbao! Wateja anawaambia, njoo uchukue zako zilizopasuliwa."

Na yeye mke akacheka, kiganja mdomoni. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba mwanamke wa Kinyakyusa humwepuka baba mkwe njiani. Mama Atupele nimemwona mara nyingi akikatiza shambani mzee Mwakafuta anapokuja kutoka Tukuyu. Sikujua kwamba anamwepuka hata mdomoni.

Mwakafuta. Nililisema jina hilo polepole, kwa sauti, kisha nikamsimulia mpasuaji habari ya rafiki yangu, mkewe na ile chupa.

Nikamkumbuka Mama Atupele wa miaka ile miwili ya banda letu. Akiishiwa mafuta ya taa, husema, "Shemeji, ile ya kuwashia imekwisha." Mtu akiingia na matope, ninyi mnasema futa miguu, yeye husema pangusa. Sijawahi kumsikia akisema futa. Sijawahi kumsikia akisema mafuta. Ile ya kulainisha, nusu huku, nusu huku.

"Huyo rafiki yako ni mtoto wa Mwakafuta?" mpasuaji akauliza, naye sasa hakuwa anacheka. "Ndugu yangu, hiyo chupa umeipeleka wapi?"

Nilikaa juu ya mbao zile nikajiinamia. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu kuzaliwa.

Waliniazima spana kubwa ya mashine. Nilifungua skrubu za chini kwanza, halikutoka hata tone, ila unga wa chuma. Nikafungua nati za juu, nikatumbukiza kijiti kirefu hadi chini, nikakitoa. Kikavu. Na safi! Hakikuwa na chembe ya uchafu wa zamani. Kila pembe ya ndani, mahali ambapo hakuna jicho la mtu litakalofika, Anyelwisye alikuwa ameosha na kufuta kama sahani ya mgeni. Mtu hasafishi namna ile chombo anachokiroga. Kitu kimoja kilichokuwa kimebaki, cha kesho asubuhi, ni mafuta mepesi, na lazima aliyapata jioni ile ile, ndipo msiba ukamkuta kabla hajayatia.

Mpasuaji akanipa mafuta mepesi ya mashine yao. Nikatia nusu huku, nusu huku. Nikabonyeza usukani. Miguu ikazama taratibu, ikapanda taratibu, bila sauti. Imekunywa.

Nilimuuliza kama kuna njia ya kuliwahi lori lililopita Chimala Jumatano. Akanihesabia siku kwa vidole. Na simu ya posta ingefika Mbeya mjini, halafu nani aipeleke Mbalizi? Maneno yangu yalikuwa yameshafika.

Mlandege

Kutoka Mafinga hadi Iringa pikipiki ilitembea kama imepakwa samli, na kila ilipopita shimo bila kulalamika mimi ndiye niliyelalamika. Nilifika nyumbani jioni.

"Kamwene, mwanangu," mama akasema kabla sijashuka. Alikuja akipapasa ukuta, akanigusa uso, akagusa kichwa. "Kofia yako?"

"Imechukuliwa na mcha Mungu."

Mama yangu anaitwa Tabu, maana nilivyosikia alizaliwa mwaka wa njaa. Usiku ule sikumweleza kitu. Nilimtazama akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, nikajua kwa nini nimekuja.

Asubuhi nilikwenda karakana. Fundi mkuu ni Mbaluchi mwenye ndevu nyeupe, mzaliwa wa Iringa, anayesema Kihehe kuliko mimi. Hakuniuliza maswali. Akaizunguka pikipiki mara moja, akaibonyeza mbele, akasikiliza, akavua mguu mmoja, akauteremsha, akamimina mafuta ndani ya kopo na kuyapitisha katikati ya vidole. Akafuta bomba kwa kitambaa, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hapa wamepita watu wawili," akasema. "Mmoja amesafisha. Huyo ana mikono. Tazama humu mwisho kabisa, tazama mpira ulivyokaa. Mwingine ameendesha kavu, njia ndefu. Tazama mikwaruzo hii. Huyo hana masikio. Wewe ni nani kati yao?"

Marafiki, ningeweza kusema mimi ndiye mikono. Nani angenipinga? Anyelwisye alikuwa mbali, na mama alikuwa hatua mia mbili toka pale, ananisubiri. Nilifungua mdomo, na uongo ulikuwa mbele kabisa, umeshavaa viatu.

"Mimi ndiye nisiye na masikio," nikasema. "Mwenye mikono yuko Mbalizi."

Akarudisha mguu mahali pake, akakaza nati. "Basi nenda kaniletee huyo. Na hii iache hapa, bomba hizi zinataka kazi."

Mama nilipomweleza, yote, hadi lori, machozi yalimtoka, na sikujua ni ya macho mabovu au ni kwa ajili yangu. Kisha akasema, "Bora umesema kweli. Ila nilikuwa nimeshakutandikia kitanda."

Kurudi

Nilirudi kwa lori, juu ya magunia ya mahindi, siku mbili, bila kumshuku hata mmoja. Sikuwa na nafasi hiyo. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa mpya ya mafuta mepesi, safi, kizibo cha kweli.

Mengine mnayajua kunishinda, maana baadhi yenu mlikuwepo. Dereva mwenye sauti ya kengele hakutafuta nyumba ya mtu. Alisimama katikati ya soko akapaza sauti kwamba Gaspari ameimwaga ile dawa ya nyumba ya Anyelwisye. Kesho yake hakuna aliyenunua maharage ya Mama Atupele. Keshokutwa akaitwa mbele ya jumbe, mumewe bado yuko msibani. Aliulizwa mara tatu chupa ilikuwa na nini. Mara tatu akajibu, ile ya kulainisha, na kila akijibu watu waliguna zaidi. Mara ya nne, ili jina la mumewe lisifie pale, akainua kichwa akasema mafuta. Akalitoa neno lote, kwa sauti, mbele za watu. Kisha akajifunika kanga uso, akaenda kwa miguu hadi Tukuyu kwa mama mkwe kusema alilolifanya.

Haya alinieleza Anyelwisye mwenyewe, amesimama mlangoni, hakunikaribisha kuketi. Nilimwambia kazi ni yake, anaitwa. Hakufurahi. Alisema jambo moja tu.

"Gaspari, ungeomba spana ukafungua nati. Ungetazama ndani."

Nikaondoka mlangoni pake, chupa yangu bado mkobani.

Mama Atupele alirudi Jumapili iliyofuata. Nilikwenda na ile chupa. Alikuwa anafunga vyombo vya kuhamia, nikasimama uani kama mwizi aliyerudisha kuku.

"Shemeji," nikasema, "nimekuletea ile ya kulainisha. Na nimekuja kuomba radhi. Nimekutia kwenye tabu ambayo hukustahili."

Aliitazama chupa, akaipokea kwa mikono miwili. Hakusema haidhuru, maana ilidhuru. Akaniuliza, macho chini kama kawaida yake.

"Huko Mlandege nitakuwa jirani wa mama yako. Baba Atupele amesema hawezi kuona vizuri, nitakuwa namchotea maji. Anaitwa nani?"

"Anaitwa Tabu."

Nikaona bega lake linatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, maana neno hilo nilikuwa nimelisema mwenyewe nikiomba radhi.

"Basi, shemeji," akasema, "hilo nalo sitalitaja tena."

Akaichukua chupa, akaingia nayo ndani kuifunga pamoja na vyombo vingine.